Kamera ndogo kwa siku za kazi

Tangu kiangazi kilipoanza tumepokea barua kadhaa zinazouliza jambo moja. Vijana wa masomo wauliza kwa hamu, wazazi wao wauliza kwa wasiwasi: hizi kamera ndogo za siku hizi, ziitwazo kamera zisizo na kioo, zina faida gani kwa mtu ambaye tayari ana simu mkononi? Ni chombo cha kazi, ama ni pambo la shingoni? Swali lao ni la haki, maana apareyi, kama tuitavyo kwetu Lubumbashi, si kitu cha kununua kwa fedha za chumvi.

Kwa muda wa miezi mitatu nimekuwa na moja ya kamera hizo, niliyoletewa na ndugu aliyerudi kutoka Ulaya. Si mpya, ilikwisha kutumika kabla ya kufika kwangu. Jina la kiwanda chake sitalitaja, kwa kuwa ukurasa huu hauuzi kitu. Nilijiwekea sharti moja tangu siku ya kwanza: nisiipeleke kwenye arusi yo yote, wala kwenye Komunyo ya kwanza, wala kwenye sikukuu ya shule. Siku za namna hiyo zina wapiga picha wao, tena wengi kupita kiasi. Nilitaka kujua kama chombo hiki chafaa kwa Jumatatu na Jumanne, siku ambazo hakuna mtu aliyevaa suti.

Kwanza tueleze kioo hicho ni kipi, maana wengi hudhani kwamba ni kioo cha lenzi. Sivyo. Katika zile kamera kubwa ambazo wapiga picha wa arusi wamezizoea, mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo kidogo kilicholala mshazari, hupanda juu mpaka kwenye kipande cha bilauri chenye pande tano, ndipo hufika kwenye jicho la mpiga picha. Abonyezapo kitufe, kioo huruka juu, mwanga hupita kwenda nyuma, picha hupokewa, na kioo hurudi mahali pake. Ule mlio wa «klak» tuusikiao kanisani wakati maarusi wanapoahidiana ni kioo hicho, pamoja na pazia la ndani, vikifanya kazi yao.

Ulikuwa uvumbuzi mzuri. Kamera iitwayo Kine Exakta, iliyotengenezwa Dresden katika Ujerumani mwaka 1936, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kukitumia kioo pamoja na filamu ya milimita 35, na tangu ilipotoka Nikon F ya Wajapani mwaka 1959, waandishi wengi wa habari hawakutaka kamera ya namna nyingine. Lakini kioo chahitaji nafasi ya kurukia. Katika Nikon F, kutoka mahali lenzi inapofungwa mpaka kwenye filamu, nafasi hiyo ilikuwa milimita 46.5. Katika kamera zisizo na kioo ambazo Sony waliziuza tangu mwaka 2010, ni milimita 18 tu. Wanafunzi na watoe hesabu wenyewe: ukiondoa kioo, unapunguza karibu sentimita tatu za unene. Siri ya udogo wa kamera hizi ni hiyo.

Basi, jicho litatazama kwa njia gani? Mahali pa filamu pamewekwa kihisi, yaani kibati chembamba kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kihisi hupokea mwanga wakati wote, na kamera hupeleka picha hiyo papo hapo kwenye kioo cha nyuma, au kwenye kidirisha kidogo ambacho mtu hukiweka jichoni. Mtu wa kwanza kutengeneza kamera ya kidijitali ya kubebeka alikuwa fundi kijana wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson, mwaka 1975. Chombo chake kilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, picha yake ilikuwa na vitone 10,000 tu, na kuiandika kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kamera niliyo nayo ina vitone milioni 24, na mtoto wa darasa la tatu aweza kuibeba. Kamera za kwanza za mtindo huu mpya wa lenzi za kubadili zilitoka mwaka 2008 kwa Panasonic, zikafuatwa na za Olympus mwaka 2009. Hata Nikon na Canon, waliojenga jina lao juu ya kamera za kioo, walileta mifumo mipya isiyo na kioo mwaka 2018. Nao wazee wenye kumbukumbu watatuambia kwamba si jambo geni sana: Leica ndogo iliyotolewa Ujerumani mwaka 1925 nayo haikuwa na kioo cha kuruka.

Sasa nieleze niliyoyaona mimi. La kwanza ni uzito. Pamoja na betri na lenzi, kamera hii haifiki nusu kilo. Maneno hayo yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kila kitu, kwa sababu kamera nzito hukaa kabatini, huitoka nyumba siku ya sikukuu, kisha hurudi kabatini. Hii hukaa katika mfuko wangu wa daftari. Nimekwenda nayo soko la Mzee, nimekwenda nayo kwenye mkutano wa jumuiya, nimeiweka mezani tulipokuwa tukila, na baada ya juma la pili hakuna mtu aliyeigeuzia macho tena. Kamera ikiisha kuzoeleka, watu hurudi kuwa watu.

La pili lilinishangaza zaidi. Kwa kuwa kidirisha huonyesha kile ambacho kihisi kinakiona, mtu huiona picha kabla hajaipiga. Ikiwa itakuwa ya giza mno, aiona giza. Akizungusha gurudumu dogo la juu, aona inavyong'aa polepole, kama alfajiri. Kwa kamera ya kioo mtu alihitaji kujifunza kukadiria mwanga kwa miaka, na makadirio yake ayaone baadaye. Nilimpa kamera hii mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Baada ya robo saa alikuwa akiniambia, «Mjomba, ukisimama pale ukuta unakuwa mweupe sana, njoo huku.» Hakusoma kitabu cho chote. Macho yake yalikuwa yamefundishwa na kidirisha. Kwa wanafunzi naona faida hii yapita zote.

Na jikoni je? Simu nyingi zina kihisi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, na hii yangu ina kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6. Kibati kikubwa hukusanya mwanga mwingi, kama beseni pana likusanyavyo mvua kuliko kikombe. Mchana kweupe, simu nzuri na kamera hii hutoa picha ambazo mtu asiye fundi hatazitofautisha, na anayekuambia vinginevyo ana kitu cha kukuuzia. Lakini maisha ya kwetu, sehemu kubwa, si ya mchana kweupe. Ni saa kumi na mbili unusu za jioni, umeme umekatika, mbabula imewashwa uani, makala yanaanza kuwa mekundu, na mama ameinama juu ya sufuria. Hapo simu, nyingi zao, hutoa uso uliopakwa kama uji. Kamera ndogo hutoa mikunjo ya mkono, mvuke wa maji ya bukari, na nuru nyekundu chini ya kidevu. Tena haikuhitaji flashi, ambayo huua nuru hiyo yote kwa pigo moja.

Yako na mabaya, nami sitayaficha. Kwa kuwa kidirisha huwaka wakati wote, betri huliwa upesi. Kamera nyingi za namna hii hupata picha mia tatu au mia nne kwa betri moja, wakati kamera za kioo hufika mia nane, elfu na zaidi. Katika mtaa ambao umeme huja usiku wa manane na kuondoka kabla ya jogoo, ni shida ya kweli. Mwenye kununua na anunue betri ya pili siku ile ile. Baya jingine ni vumbi. Ukiitoa lenzi, kihisi kiko wazi kabisa, hakuna kioo cha kukilinda, na vumbi letu jekundu la mwezi wa saba halingoji kukaribishwa. Kamwe usibadilishe lenzi barabarani. Ingia ndani, funga dirisha, elekeza tundu la kamera chini, fanya haraka. Na vumbi likiingia, lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, si kwa kinywa, kwa maana mate ni mabaya kuliko vumbi. Kuhusu orodha ndefu ya mipangilio iliyomo ndani, nasema neno moja tu: sehemu tisa katika kumi hutazihitaji.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya betri na vumbi. Nataka kusema juu ya picha tulizo nazo nyumbani, na zile tusizo nazo.

Katika nchi yetu kamera ilifika mikononi mwa wengine. Mwaka 1904, huko Baringa, katika siku za mpira wa Mfalme Leopold wa Pili, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, Bi. Alice Seeley Harris, alimpiga picha mtu mmoja jina lake Nsala. Ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa kwa taa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na zilikuwa moja ya nguvu zilizomshinda mfalme yule, hata mwaka 1908 Ubelgiji ikamwondolea nchi hii. Tuishukuru picha ile. Walakini fikirini pia: Nsala ajulikana duniani kwa saa moja ya maisha yake, iliyo mbaya kupita zote. Hakuna ajuaye alivyocheka.

Baadaye zilikuja kamera za makampuni. Hapa kwetu Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliweka hazina kubwa ya picha za migodi na wafanyakazi. Mwana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, amezichukua baadhi ya picha za kale na kuziweka mbele ya magofu ya viwanda vya leo, katika kazi aliyoiita «Mémoire», mwaka 2006. Mtu azitazamapo huona watu waliopangwa mstari, wakiwa mbele ya wakubwa wao au mbele ya mashine. Ni babu zetu hao. Lakini hawakupigwa picha wakiwa baba za watu. Walipigwa wakiwa mikono ya kazi.

Kisha sisi wenyewe tulipopata fedha kidogo, tulikwenda studio. Picha za studio nazipenda mno, sitaki kuzidharau: pazia lenye bahari iliyochorwa, ua la plastiki, viatu vilivyong'arishwa. Wazazi wetu walitaka angalau mara moja waonekane kama walivyopenda kuonekana, na walikuwa na haki. Ila sasa fungueni sanduku la picha nyumbani kwenu. Mtaona ubatizo, Komunyo, ndoa, kaburi. Tafuteni picha moja ya mama akisonga bukari, kazi aliyoifanya mara elfu nyingi. Tafuteni baba akitengeneza baiskeli. Kwa nyumba nyingi nilizouliza, haipo.

Matokeo yake twayaona kwenye matanga. Mzee amekufa, jamaa wanatafuta picha ya kuweka juu ya sanduku, na hakuna. Basi huchukuliwa kadi yake ya mpiga kura, na ile picha ndogo iliyofifia, ambayo alipigwa baada ya kusimama juani nusu ya siku, hukuzwa hata iwe kama ukurasa wa daftari. Wajukuu wanalia mbele ya uso usiofanana na nkambo wao. Nimeona hivyo mara tatu mwaka huu.

Wakristo wanaweza kujiuliza kama ni jambo la kiroho kupiga picha kazi za jikoni. Tuwatazame masista Wakarmeli wa Lisieux, katika Ufaransa. Tarehe 14 Septemba 1894 Selina, dada wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliingia monasteri, na kwa ruhusa ya mkuu wao aliingia na kamera yake. Ndiyo sababu tunaye Teresa akiwa pamoja na wenzake kwenye kufua nguo. Tunaye wakati wa kukusanya majani makavu shambani. Tunaye akitengeneza vyombo vya altare. Kamera ile ilikuwa sanduku zito, na masista walilazimika kusimama bila kutikisika sekunde kadhaa. Teresa alikufa mwaka 1897, umri wake miaka 24. Kwa muda mrefu watu walizifahamu hasa picha zilizorekebishwa kwa brashi ili awe mzuri zaidi, mpaka mwaka 1961 kilipotolewa kitabu chenye picha zake kama zilivyotoka kwenye kamera. Huyu ndiye msimamizi wa misioni tangu mwaka 1927, ambaye sanamu yake yenye mawaridi imo katika parokia zetu nyingi. Mimi, niseme kweli, picha ile ya kufua nguo yanigusa kuliko mawaridi.

Basi nilikwenda kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, huko Katuba. Ana umri wa miaka sabini na minane. Ana picha mbili katika maisha yake: ya ndoa, iliyoliwa na mchwa pembeni, na ya kadi. Nilimkuta akitwanga sombe. Niliomba ruhusa, naye akaacha mchi na kunikemea: «Mwanangu, unipige foto na kitambaa hiki cha jikoni? Ngoja nivae.» Nikangoja. Akaenda ndani, akavaa kitenge cha Mama Maria, akasimama ukutani mikono imenyooka kama mbele ya askari, nami nikapiga ile aliyoitaka, kwa heshima zote. Halafu nikamwonyesha. Akasema, «Ndiyo, huyu ni mimi wa kanisani.» Nikamwomba ruhusa kwa yule wa kinu. Akafikiri. Akasema, «Lakini usiwapelekee watu wa simu.» Nikaahidi. Akarudi kwenye kinu, akaanza kunisimulia habari za mjomba aliyekimbia deni, na katika kusimulia akaisahau kamera.

Hapa ndipo pana hatari ya chombo hiki, nami nataka vijana wanisikilize. Kamera hizi, nyingi zao, zaweza kupiga bila sauti hata kidogo. «Klak» ya zamani ilikuwa kelele, lakini ilikuwa pia hodi: mtu alijua kwamba amechukuliwa. Sasa hodi imeondolewa. Kijana aweza kukaa nyuma ya kanisa na kuchukua uso wa mama anayelia baada ya Komunyo, na mama asijue kamwe, mpaka auone uso wake katika simu ya jirani. Mtasema kwamba picha ni nzuri. Huenda ni nzuri. Si yako. Mimi nimeizima sehemu ile ya kimya, nimeiacha kamera yangu ilie, ijapokuwa mlio wake ni mdogo kama wa kufunga kopo. Na mgonjwa, na mtu aliye kwenye matanga, na mtoto wa mwingine, hawapigwi picha kwa kuiba, hata kwa nia njema. Wengine wataona neno hili kuwa kali mno kwa jambo dogo. Na wamwulize mama mkubwa.

Kuhusu fedha, nitasema wazi, maana baba mmoja wa Kenya, mtaa wetu wa Kenya si nchi, ameandika kwamba mwanawe adai kamera kabla ya mwaka wa masomo. Bwana mpendwa, lipa karo kwanza. Ikibaki, nunua viatu. Ikibaki tena, msihangaikie kamera mpya. Picha iliyochapwa kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji vitone milioni 2 na kidogo tu ili iwe safi. Kamera za mwaka 2008 zilikwisha kuwa na milioni 12. Iliyotumika, kutoka kwa mtu mwaminifu, yatosha kabisa. Tena yafaa kuuliza kwa nini kila nyumba iwe na yake. Chama cha vijana, ama jumuiya moja, chaweza kuwa na kamera moja na daftari la kuazimia, kama tulivyokuwa na cherehani ya wamama. Na asiye na kamera kabisa asingoje: achukue simu yake mchana, mlangoni pa jiko, mama akiwa kivulini na mwanga ukimjia ubavuni, azime flashi. Picha ya simu iliyopo yaishinda picha ya kamera ambayo haikupigwa.

Lakini iwe ya simu au ya kamera, ichapwe. Simu huibwa katika basi, huanguka majini, huzimika siku moja na haiwaki tena, na miaka mitano ya nyumba yote imekwenda nayo. Kadi ya kumbukumbu ni ndogo kama ukucha, mtoto aweza kuimeza. Karatasi hudumu, ikihifadhiwa katika bahasha pakavu, mbali na jua na mchwa. Si lazima zote. Mimi, kati ya picha mia saba na zaidi za miezi hii mitatu, nimechapa kumi na nne. Moja niliipeleka Katuba. Mama mkubwa aliitazama muda mrefu, akasema kwamba kinu kimetoka vizuri, na kwamba yeye amezeeka, kisha akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala, si ile ya kitenge, ile ya sombe.

Na mnapochapa, andikeni nyuma, kwa kalamu ya risasi iliyo laini, wala msikandamize, maana wino hupenya na kuharibu uso wa upande wa pili. Andikeni jina zima la mtu, si «nkambo» tu, kwa kuwa wajukuu wa wajukuu hawatajua ni nkambo yupi. Andikeni mtaa, tarehe, na kazi aliyokuwa akiifanya. Kama alikuwa akisema neno, liandikeni nalo. Nyuma ya ile ya Katuba, chini ya jina lake na tarehe, nimeandika: «Anatwanga sombe. Anasimulia habari za mjomba na deni. Deni lilikuwa la mbuzi wawili.»